Kufundisha Kanieneo ya Vimiminika kwa Mfano wa Breki za Gari

Mwalimu wa Sayansi katika shule za msingi za Chapwa, mjini Tunduma, anayo zana moja ya kufundishia ambayo hakuiagiza wala hailipii: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kuingia Nakonde. Katikati yake hupita magari madogo yaliyotumika, yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa safari ndefu kwenda kwa wenyewe Zambia au Kongo. Mara moja moja hupita gari la mbio, la milango miwili, tumbo lake likikaribia kugusa lami, na watoto huacha mpira wao wakalitazama mpaka lipotee.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kulitumia gari la aina hiyo, na hasa kazi ya kubadilisha mafuta yake ya breki, katika kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu kwamba kimiminika hupeleka kani na hewa hubonyea. Tumelichagua somo hili kwa sababu watoto hao huvuka barabara hiyo kila siku. Wengi wao huamini kwamba dereva akikanyaga, gari husimama. Mguu na gurudumu vyaonekana kwao kama kitu kimoja. Mtoto ajuaye kwamba kati ya mguu na gurudumu kuna kitu kinachoweza kuchakaa hataingia barabarani kwa kutegemea breki za mwenzake.

Jambo la kwanza kulitengeneza ni jina. Sisi sote husema mafuta ya breki, na hatuna haja ya kuwakataza watoto kusema hivyo. Lakini mwalimu ajue, naye awaambie, kwamba kitu hicho si mafuta kwa maana ya mafuta ya injini au ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakitiwa katika maji huelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji na kupotea humo. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mtu akitia mafuta ya injini katika chupa ya breki, mipira inayoziba ndani ya mfumo huvimba na kuharibika, na hapo gari zima huwa hatarini kwa sababu ya neno moja.

Baada ya hapo yafaa kuanza na jaribio, wala si na maelezo. Tafuta mabomba mawili mapya ya sindano yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20, pamoja na kipande cha mpira wa dripu wa kuyaunganisha. Yajaze maji yenye rangi huku umeyazamisha katika beseni, ili hewa isibaki ndani. Mpe mtoto mdogo bomba dogo alisukume, na mtoto mwenye nguvu alizuie lile kubwa. Mdogo atashinda, na darasa litacheka. Wakiisha kucheka, waambie wapime: mililita 4 zikitoka katika bomba dogo, mililita 4 huingia katika bomba kubwa, lakini kijiti cha bomba kubwa husogea mwendo mfupi zaidi. Kani imeongezeka, mwendo umepungua. Hiyo ndiyo kazi ya pedali na silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, zinapoibana diski ya gurudumu. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo. Lakini jina lake lisije kabla ya mabomba.

Kisha toa maji kidogo, acha hewa ya mililita 2 hivi, na urudie. Safari hii mtoto mdogo husukuma, kijiti chake kinazama, na lile bomba kubwa halitikisiki. Usiseme neno. Waache waone, na waseme wenyewe hewa imefanya nini. Tumeona walimu-wanachuo wengi wakiliharibu jaribio hili kwa kutoa jibu wakati kidole cha mtoto kingali juu ya kijiti.

Sasa swali la pili: hewa huingiaje katika breki iliyozibwa vizuri? Hapa chumvi hutusaidia. Katika masika ya nyanda hizi, chumvi ya mawe iliyoachwa wazi hulowa ingawa hakuna aliyeimwagia maji, kwa kuwa imeuvuta unyevu wa hewani. Mafuta ya breki yana tabia hiyo hiyo. Mapya ya daraja la DOT 4 huchemka katika joto lisilopungua nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 katika kila 100, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205, kisha 140. Dereva ateremkapo Kitonga, au mteremko wa Iwambi karibu na Mbalizi, akiwa ameukalia mguu wake juu ya breki badala ya kutumia gia nzito, joto la diski hupenya hadi kwenye mafuta. Maji yaliyomo huwa mvuke, na mvuke hubonyea kama ile hewa ya mililita 2. Pedali huzama hadi sakafuni. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana.

Ikiwezekana, darasa lipelekwe gereji likaitazame kazi hiyo kwa mbali. Mwalimu amtembelee fundi kwanza, peke yake, akajifunze. Ataona gari likiinuliwa na kukalishwa juu ya stendi imara, kwa maana jeki pekee haiaminiki. Fundi huyavuta mafuta ya zamani kutoka katika chupa ya juu, hutia mapya ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, kisha huenda kwenye gurudumu. Kwa kawaida huanza na lililo mbali zaidi na silinda kuu, lakini kwa gari la ABS utaratibu wa kitabu cha gari hilo ndio ufuatwe. Huvisha mpira mwangavu juu ya nipo na kuuzamisha upande wa pili katika chupa yenye mafuta mapya kidogo. Msaidizi hukanyaga pedali polepole. Fundi hulegeza nipo. Mafuta meusi kama chai ya rangi hutoka. Fundi hukaza nipo kwanza, ndipo msaidizi huachia mguu. Wakigeuza mpangilio huo, hewa huvutwa ndani. Hurudia hivyo hadi mafuta yatoke mepesi, yasiyo na povu. Mafundi wetu huiita kazi hii kutoa upepo, na jina hilo, tofauti na lile la kwanza, lafaa kabisa kwa darasa.

Gari la mbio lenye ABS huongeza jambo moja. Breki hizo, ambazo Mercedes-Benz ilianza kuziuza, zikiwa za kielektroniki, mwaka 1978, zina kisanduku chenye vali na pampu. Gurudumu likikaribia kujifunga na kuserereka, vali hupunguza kanieneo na kuirudisha, mara nyingi katika sekunde moja, na dereva huhisi pedali ikitetemeka. Ndani ya kisanduku hicho mna njia ambazo mafuta ya zamani hubaki hata baada ya magurudumu yote manne kutolewa upepo. Katika baadhi ya magari fundi hulazimika kuunganisha kompyuta ya kupimia ili iziendeshe vali na pampu. Kubwa zaidi, chupa ya juu isiachwe ikauke wakati wa kazi, kwani hewa ikiingia humo ni taabu kuitoa. Vile vile DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isitiwe katika mfumo huu ingawa namba yake ni kubwa. Namba kubwa si daima bora. Mambo haya ni ya mwalimu kuyajua. Mtoto wa darasa la sita yamtosha kuelewa kwamba kisanduku kipo na kwamba nacho hupokea mafuta yale yale.

Kuna swali ambalo kwa Chapwa haliepukiki, na mwalimu asiyejiandaa atanaswa nalo. Mtoto atanyoosha mkono aseme: “Mwalimu, malori yakisimama hupiga pshaa, na utingo huniambia ni upepo wa breki. Mbona wewe wasema upepo huua breki?” Ni swali zuri kuliko somo lenyewe. Asijibiwe kwamba malori ni mambo mengine. Lori kubwa lina kompresa inayoendeshwa na injini, nayo hujaza hewa katika matangi. Hewa hiyo imekwisha kubanwa kabla dereva hajakanyaga, na ikipungua hujazwa tena. Katika gari dogo kiputo cha hewa hubanwa na mguu wa dereva, na mwendo wote wa pedali huishia katika kukibana. Hewa ni ile ile. Tofauti ni nani anayeibana na lini. Tena, katika lori, hewa ikiisha kabisa, springi kali huzibana breki za kuegeshea, kwa hiyo lori hukataa kuondoka. Maji, hata hivyo, ni adui wa mifumo yote miwili: madereva waangalifu huyamwaga kutoka katika matangi ya hewa.

Tahadhari chache. Mafuta ya breki ni sumu yakinywewa, huumiza macho, na huondoa rangi ya gari. Hivyo yasiingie darasani hata tone; maji ya rangi yatosha. Ya zamani yasimwagwe mtaroni wala yasirudishwe katika chupa ya soda, ambayo mtoto anaweza kuiokota.

Somo lipewe vipindi viwili vya dakika 40, cha kwanza kwa mabomba na cha pili kwa chumvi na swali la malori. Kwa kupima, tusiwatake watoto wataje sehemu za breki. Tuwape bomba lenye maji na bomba lenye hewa kidogo, yote mawili yamefunikwa kwa karatasi, na kila mtoto asukume kwa kidole, aseme lipi angelipanda kuteremka Iwambi, na kwa nini.