Ng'ambo ya Nani? Fasihi, Majina ya Mahali na Upangaji Upya wa Ukingo wa Bahari Mjini Unguja

Utangulizi

Upangaji wa miji si mada ya kawaida katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Imezoeleka kwamba kazi hiyo ni ya wahandisi na wachora ramani, nasi wa fasihi tukabaki na riwaya na tenzi zetu. Makala haya yanadhamiria kuuvuka mpaka huo kwa sababu moja. Mji wa Unguja, ambao wengi wetu tuliujua kupitia kurasa za Adam Shafi kabla ya kuuona kwa macho, umekuwa ukipangwa upya upande wa bahari, kipande baada ya kipande, kwa zaidi ya miongo miwili sasa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, swali lililo zito kuliko yote katika kazi hiyo limejificha ndani ya neno moja la Kiswahili. Neno hilo ni ng'ambo.

Neno linalomtegemea msemaji

Hapa Kenya, mtu akisema kwamba dada yake yuko ng'ambo, wasikilizaji huwaza ndege, chuo kikubwa na pesa zinazotumwa nyumbani. Ng'ambo yetu ni mahali pa kutamaniwa. Maana ya msingi ya neno lenyewe ni nyepesi zaidi: upande wa pili wa mto, wa bonde au wa bahari. Maana hiyo haikamiliki mpaka tujue msemaji amesimama wapi. Kwa mantiki ya lugha, hakuna awezaye kuwa ng'ambo pale pale aliposimama.

Ajabu ya mji wa Unguja ni kwamba sehemu kubwa ya mji imepewa neno hili kuwa jina lake la kudumu. Mkazi anayesema kwamba nyumba yake iko Ng'ambo anapataja kwake kwa jicho la mtu aliyesimama upande mwingine. Upande huo mwingine ni Mji Mkongwe, uliokua juu ya rasi ya Shangani. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari uliojaa na kupwa. Forodha, kasri za masultani na ofisi za mabalozi zilielekea bahari kuu. Kuvuka daraja, upande wa mashariki, walikaa wengi wa mafundi, wavuvi, wachukuzi, watumwa walioachwa huru na wahamiaji kutoka bara na Ngazija.

Tusiichukulie picha hiyo kuwa kamili. Wanahistoria wameonyesha kwamba vibanda vya udongo vilikuwamo ndani ya Mji Mkongwe, na nyumba za mawe zilikuwako Ng'ambo. Mgawanyo mkali wa mji wa mawe kwa upande mmoja na mji wa makuti kwa upande wa pili ulikazwa zaidi na utawala wa Waingereza, uliohitaji kujua nani ajengewe nini na nani atozwe nini. Hapa ndipo neno la kawaida la mwelekeo lilipoanza kubeba cheo.

Hori lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Creek Road, inapita palipokuwa na maji. Daraja limetoweka ila soko la Darajani lingali na jina lake, kama vile Ng'ambo ilivyobaki ng'ambo ya maji yasiyokuwapo tena. Majina mengi ya mji huu yana kiambishi tamati cha mahali -ni, na kila moja ni kumbukumbu ya kitu kilichoonwa na wapita njia: Forodhani palipokuwa na forodha, Mizingani palipo na mizinga, Funguni kwenye fungu la mchanga, Michenzani na Miembeni kwenye miti ya matunda. Haya hayakutungwa ofisini. Yalitokana na miguu ya watu waliokuwa wakienda kazini na kurudi.

Mipango na mipaka yake

Mwaka 1923 mpangaji miji Mwingereza, H. V. Lanchester, alichapisha kitabu chake kuhusu upangaji wa mji wa Unguja. Katika muongo huo huo bandari mpya ikajengwa Malindi (msomaji wa Kenya asiichanganye na Malindi yetu), kaskazini mwa Mji Mkongwe. Forodhani, palipokuwa mlango wa shehena, pakageuzwa bustani mwaka 1936 kuadhimisha yubilei ya Sultan Khalifa. Kwa hiyo mabadiliko ya ukingo wa bahari kutoka mahali pa kazi kuwa mahali pa kupunga upepo hayakuanza na watalii wa zama zetu.

Wakati ukingo ukipambwa, Ng'ambo ilikuwa na shauri jingine. Mkazi alimiliki nyumba aliyoijenga lakini mara nyingi si ardhi iliyo chini yake. Thamani ya ardhi ilipopanda, kodi ya kiwanja nayo ikapanda, na mwaka 1928 wakazi wakagoma kuilipa. Mwanahistoria Laura Fair ameueleza mgomo huo kwa kirefu, na ameuhusisha na taarabu ya wakati ule. Mwaka huo huo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Siti alizaliwa Fumba, akapata umaarufu akiwa mkazi wa Ng'ambo. Anayekisoma Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert na kuona maisha ya mtu mmoja mwadilifu tu, bila kuuona mtaa nyuma yake, amekisoma nusu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa. Mwaka 1968 ukaandaliwa mpango mpya kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na majumba marefu ya ghorofa yakaanza kusimama Michenzani juu ya mitaa iliyobomolewa. Nia ilikuwa kuifuta aibu ya Ng'ambo kwa saruji, na yako mengi ya kusemwa kwa upande wa nia hiyo. Waliohamia walipata maji ya bomba na umeme. Hata hivyo, mpango huo nao uliiona Ng'ambo kama ubao wa kufutwa ili uandikwe upya.

Kisha mizani ikageuka. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukakamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililotambuliwa ni hekta 96. Sehemu ya Ng'ambo iliyo karibu na barabara iliwekwa katika eneo la kinga, la takribani hekta 85. Hebu tulitazame neno hilo, kinga. Kinga huwekwa kwa ajili ya kitu kingine. Mtaa wenye watu, misikiti, vilabu vya muziki na mabaraza yake uliingia katika hati za dunia kwa kazi ya kumlinda jirani. Simlaumu aliyeuchora mstari ule, kwani bila mstari huo huenda hali ingekuwa mbaya zaidi. Nadai tu kwamba mstari huo umepita pale pale lilipokuwa hori.

Ushahidi wa riwaya

Adam Shafi ametupa riwaya mbili zinazouvuka mstari huo kila sura. Katika Kuli (1979), Rashidi anamfuata babake katika kazi ya bandarini, na njia hiyo inamfikisha kwenye mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948, mgomo ambao ni tukio la kihistoria. Mchukuzi wa Kuli huishi mahali pamoja na kuvunjika mgongo mahali pengine, na riwaya inamfuata kwa miguu kati ya mahali hapo pawili. Hakuna ramani ya bandari niliyoiona inayoonyesha njia hiyo. Ramani za bandari huonyesha kina cha maji, gati na maghala. Mtu anayebeba gunia hukosekana, na nyumba yake hukosekana zaidi.

Katika Vuta N'kuvute (1999) safari imegeuzwa. Yasmin anamkimbia mumewe Raza, aliyemzidi umri kwa mbali, na hifadhi anaipata kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Wahakiki wengi wameusoma uhamaji huu kama ukombozi wa mwanamke, au kama kuvunjwa kwa ukuta wa rangi. Usomaji huo ni sahihi. Ninaongeza kwamba mwandishi anaigeuza pia maana ya neno. Mara Yasmin anapozoea maisha ya kwa Mwajuma, mtaa aliotoka ndio unaokuwa upande wa pili. Ng'ambo inakuwa huku. Ni jambo dogo la kisarufi, lakini hakuna mpango hata mmoja kati ya nilivyovitaja uliowahi kulifanya.

Ipo hatari ya kuitegemea fasihi kupita kiasi. Riwaya si sensa, na Adam Shafi ana msimamo wa kisiasa usiofichika. Wachukuzi wake ni mashujaa zaidi kuliko wachukuzi wa kawaida. Pamoja na hayo, riwaya huhifadhi jambo moja ambalo takwimu huliacha: nani alikuwa na sababu ya kufika ufukoni, na kwa njia gani.

Bustani, hoteli na gati

Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliofanywa na Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan. Kwa jinsi ninavyoona, kazi hii ilifaulu kwa kuwa biashara ya chakula cha jioni haikufukuzwa. Jua likitua, familia kutoka kila upande wa mji huketi pale, mishikaki na juisi ya miwa mkononi, karibu na mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi. Mfano wa Mambo Msiige, huko Shangani, ni tofauti. Jengo hilo la kale liligeuzwa kuwa sehemu ya hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilinung'unikia ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando yake. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuonya.

Miji mingine ya bandari imelipitia jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Hamburg, Ujerumani, ilianza mwaka 2001 kujenga HafenCity katika hekta 157 za bandari ya zamani. Mahali pale palikuwa bandari huru, nje ya mpaka wa forodha, na jirani yake ni mtaa wa maghala ambao ujenzi wake, kuanzia mwaka 1883, uliwahamisha maelfu ya wakazi. Mtaa mpya ulihitaji majina mapya, na uwanja mmoja ukaitwa Vasco da Gama. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa kwa nini jina hilo linakera. Pale ambapo kumbukumbu ya wachukuzi haikuulizwa, majina yaliletwa kutoka vitabu vya mabaharia.

Suala hili si la Ulaya pekee. Bandari ya Malindi mjini Unguja imebanwa na mji pande zote, na serikali ya Zanzibar imetangaza nia ya kujenga bandari kubwa Mangapwani, kaskazini zaidi. Shehena ikihama, ardhi ya ukingoni itakuwa wazi, nayo imegusana na Mji Mkongwe kwa upande mmoja na Funguni na Ng'ambo kwa upande wa pili. Thamani ya ardhi hiyo itavuta mitaa jirani ipende isipende, kama ilivyotokea kwa kodi ya viwanja katika miaka ya 1920. Mpango utakaoishia ukutani mwa bandari hautaizuia nguvu hiyo. Utaamua tu kutoitazama.

Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Dalili njema zimeonekana. Katika muongo wa 2010 idara ya serikali inayohusika na mipango miji na vijiji, ikishirikiana na washirika wa Uholanzi, iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kwa mara ya kwanza Ng'ambo ilitazamwa kama kitovu cha mji, yenye urithi wake yenyewe, na mwaka 2019 kikachapishwa kitabu kikubwa cha ramani na historia yake. Tukiitazama sarufi ya jina la mradi, kiambishi tu- kinampa Ng'ambo msemaji aliyesimama ndani yake.

Kazi iliyobaki inatuhusu. Majina madogo, yale ya vichochoro, visima, mabaraza na vituo vya kuuzia samaki, bado yamo vinywani mwa wazee. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchukua njia moja tu, mathalani kutoka Kikwajuni hadi Forodhani, akakusanya majina yote yaliyo njiani pamoja na visa vyake, kisha akayalinganisha na njia za wahusika wa Vuta N'kuvute. Mwingine aanze na Funguni, maana huko ndiko ukuta wa bandari ulipo, na fungu lililoupa mtaa jina lake lina wazee wachache wanaoweza kulieleza.