Namba Nane na Kuruka Kamba

*Mpendwa mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Karurumo. Binti yangu wa pili ana miaka 11, yuko gredi ya sita. Tangu mwaka jana analia tumbo, karibu na kitovu, siku mbili tatu kila wiki, hasa asubuhi. Tuliambiwa ni amiba, tukaambiwa ni taifodi, juzi tukaambiwa ni H. pailori. Kila tukienda ni damu na choo, kisha mfuko wa dawa, na pesa za kahawa zimeishia huko. Anapata nafuu wiki moja, halafu linarudi. Baba yake anasema anakwepa shule. Nyanya yake anasema ni maharagwe. Daktari wa mwisho hakumwandikia dawa yoyote. Alimpa karatasi yenye nyuso sita, akasema tuandike maumivu kwa namba, turudi baada ya wiki mbili. Jana mtoto alisema ni nane, na nusu saa baadaye nikamkuta nje akiruka kamba. Maumivu yanapimwaje kwa nyuso? Ama nilidharauliwa kwa sababu sina pesa?*

*Mama wa Karurumo*

Mama, hukudharauliwa. Kati ya wote waliomhudumia binti yako, huyo wa karatasi ndiye wa kwanza aliyetaka kumsikia mtoto mwenyewe. Waliomtangulia walisikiliza damu yake na choo chake.

Kwanza lakini, kuna mambo ambayo hayangoji wiki mbili. Je, amepungua uzito, au ameacha kukua, hata sketi ya shule ya mwaka jana bado inamtosha kimo na kiuno? Ameona damu chooni? Maumivu humwamsha usiku akiwa usingizini? Anatapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani? Ana homa isiyoelezeka, macho ya manjano, chakula kinamkwama kooni? Je, maumivu yamehama kitovuni yakakaa upande mmoja, hasa chini kulia? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mpeleke hospitali leo, iwe Runyenjes au Consolata Kyeni, na useme hilo kabla ya kusema lingine. Pia, kama likizo huwa anakwenda kwa jamaa huko Mwea na kucheza kwenye mifereji ya mpunga, litaje. Kichocho cha tumbo kimekaa Mwea miaka mingi, hutafutwa kwa kupima mayai yake kwenye choo, na kina dawa.

Kama majibu yote ni hapana, tuongee juu ya majina mawili kati ya yale matatu uliyopewa, taifodi na H. pailori.

Kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana huku kwetu ni cha Widal, na kimekuwapo tangu 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili umeiunda dhidi yake, na kinga hiyo yaweza kubaki baada ya ugonjwa wa zamani au kuchochewa na maambukizi mengine. Kipimo kimoja cha namna hiyo, kwa mtoto asiye na homa, anayeumwa na kuacha kwa mwaka mzima, hakithibitishi taifodi. H. pailori nayo ni bakteria inayoishi ndani ya matumbo ya watoto wengi sana wa nchi zetu, wengi wao wasiolalamika hata siku moja. Kuipata tumboni si sawa na kupata kinacholiumiza tumbo. Ndiyo maana mwongozo wa mabingwa wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini, uliochapishwa 2017, unashauri mtoto mwenye maumivu ya aina hii asipimwe H. pailori kabisa. Na ile nafuu ya wiki moja? Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hununua dawa siku yamepanda, yakishuka dawa inasifiwa.

Mnamo 1958 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, John Apley na Nora Naish, walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wa shule 1,000. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila 10 alikuwa na tumbo la kurudiarudia lililomzuia kufanya shughuli zake, na kwa wengi wao hakukuonekana ugonjwa wa kiungo chochote. Apley ndiye aliyetuachia kanuni inayotumika hadi leo: kadiri maumivu yanavyokaa mbali na kitovu, ndivyo daktari anavyopaswa kutafuta ugonjwa uliojificha. Vigezo vya kimataifa vinavyoitwa vya Roma, toleo la 2016, vinasema maumivu ya angalau siku nne kwa mwezi, kwa miezi miwili au zaidi, yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine baada ya uchunguzi unaofaa, yana jina lake na matibabu yake. Uchunguzi unaofaa, mama. Hawakusema kila kipimo kilichobandikwa bei ukutani.

Kwa hiyo mwambie baba yake kwamba mtoto haigizi. Neva za utumbo wake zimekuwa nyepesi mno: gesi na misukosuko ya kawaida ya chakula, ambayo wewe na mimi hatuihisi, yeye inamuuma kweli. Ni kama mbwa wa boma lililowahi kuvunjwa usiku, sasa anabweka hata kwa mwenye nyumba. Mara nyingine hali hii huanza baada ya kuhara kwa kweli kulikokwisha kupona. Wasiwasi huizidisha, na gredi ya sita ina mtihani wake wa KPSEA.

Sasa nyuso. Zile sita zina namba 0, 2, 4, 6, 8 na 10. Uso wa kwanza hautabasamu na wa mwisho hautoi machozi, kwa makusudi, ili mtoto asichanganye kuumwa na kuhuzunika. Namba hiyo si kipimo cha dunia nzima ambacho kwacho nane ya binti yako italinganishwa na nane ya jirani. Inamlinganisha yeye na yeye mwenyewe: nane ya wiki hii na nne ya wiki ijayo. Na kuruka kamba hakukanushi ile nane. Maumivu haya huja kwa mawimbi, na mchezo huyapunguza. Hilo lenyewe ni jambo la kuandika: "saa moja asubuhi nane, saa moja na nusu anaruka kamba." Daktari akisoma mstari huo atajua mengi kuliko ambavyo angejua kwa damu.

Huko kwenu maswali ya namna hii yana historia. Kuanzia 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Nimrod Bwibo na Charlotte Neumann, walifanya kazi katika shule 12 za msingi za Kyeni Kusini. Shule nyingine zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta tu, na nyingine hazikupewa chakula. Kama uliingia darasa la kwanza huko mwaka huo, huenda uliila. Afya ya watoto ilifuatiliwa kwa orodha ya maswali yale yale kila mara, pamoja na kuwakagua: kuhara, homa, kukosa hamu ya kula. Matokeo ya upande wa magonjwa yalichapishwa 2013. Kuhara na dalili za taifodi zilipungua zaidi kwa waliokula nyama, na hata kwa waliokula githeri iliyoongezwa mafuta tu, homa na kukosa hamu ya kula vilipungua. Jambo kubwa namna hiyo lilijulikana kwa kuuliza kwa utaratibu. Na kwa kuwa githeri ina maharagwe, nyanya naye amepata jibu lake: maharagwe yasihukumiwe kabla ya ushahidi. Kama daftari litaonyesha tumbo linauma kila baada ya githeri, au kila baada ya chai ya maziwa, ondoeni kitu kimoja wiki mbili, kisha mkirudishe muone.

Lakini kuuliza kuna hatari yake. Mwaka 2006 Lynn Walker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwanywesha watoto maji mpaka matumbo yakawakaza. Wazazi wengine waliagizwa kumhurumia mtoto na kumuuliza hali, wengine kumpeleka mawazo kwingine, wengine wakaachwa wafanye wanavyojua. Watoto walioulizwaulizwa walilalamika karibu mara mbili ya wale ambao wazazi wao hawakuagizwa lolote, na waliopelekwa mawazo kwingine walilalamika nusu. Watoto wenyewe walisema kupelekwa kwingine kuliwasaidia. Wazazi ndio waliodhani kungeweza kuwadhuru.

Basi usimuulize kila anaposhika tumbo. Muulize mara moja, jioni baada ya chakula, kwa Kiembu kama ndiyo lugha anayolilia, na kalamu iwe mkononi mwake. Achague uso wa siku hiyo, aguse kwa kidole kimoja mahali palipouma, aandike yalianza saa ngapi na yakaisha saa ngapi. Kisha wewe uongeze mambo mawili tu: kama alikwenda shule, na kama alilala vizuri. Daktari mzuri atatazama siku za shule zilizopotea kabla ya kutazama namba, kwa sababu mtoto hupona kwa kurudi kwenye maisha yake kwanza, na maumivu hufuata nyuma.

Jambo moja ambalo familia nyingi huliona aibu: choo. Kuna jedwali la Bristol, la 1997, lenye picha za aina saba za choo, kutoka vigololi vigumu hadi maji. Mwombe daktari awaonyeshe, na mtoto aandike namba ya aina kila akienda haja. Watoto wengi hujibana kutwa nzima kwa sababu choo cha shule ni kichafu au mlango wake haufungi. Choo kikikaa tumboni siku nne, tumbo litauma, na hakuna dawa ya amiba itakayolisaidia. Nenda ukaone vyoo vya shule yake. Ukiwa huko, na baadaye mkiwa wawili tu shambani au jikoni, mdadisi kwa upole kama kuna mtu anayemtisha au kumgusa. Maumivu ya asubuhi za siku za shule yanayopotea Jumamosi yanataka swali hilo liulizwe, hata kama jibu litakuwa hapana.

Dawa za maumivu za kemisti, hasa brufen na diklofenaki, acha. Zenyewe huunguza tumbo. Mifungo ya wiki na mitishamba ya kuharisha, acha pia. Asubuhi akisema linauma, mpe uji, mshike mkono, avute pumzi polepole mara kadhaa, kisha aende shule. Mwalimu aelezwe mapema, ampe nafasi ya kukaa dakika chache likizidi, bila kumrudisha nyumbani.

Na baba yake asiachwe nje. Wiki ya pili, yeye ndiye akae na mtoto jioni wakijaza ukurasa. Rudini kwa daktari yule yule tarehe aliyowapa, mkiwa na daftari, na msilipie kipimo kingine cha H. pailori kabla hajalisoma.