Mwanafunzi Akijiumiza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Shuleni Kibera na Kawangware

Haya yanamhusu kila anayefanya kazi shuleni, mpishi na askari wa lango wakiwemo. Huenda mpishi ndiye akaona alama za majeraha kwanza, mtoto anaponyoosha mkono kupokea githeri.

Osha jeraha, ulifunge, kisha ndipo uulize. Damu isipokoma, mpeleke hospitalini mara moja.

Usimtoe mbele ya paredi. Usimwamuru akunje mikono ya sweta darasani. Usipige picha ya jeraha, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Shule nyingi za mitaa hii ni za mabati, na mabati hayazuii sauti. Kaa naye mwisho wa uwanja, mnapoonekana lakini hamsikiki.

Usimchape. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni nchini Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakifanya kuwa kosa la jinai. Wala usimtume nyumbani peke yake “akalete mzazi.”

Usiseme anatafuta kiki. Usimwambie ana mapepo.

Muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halipandi wazo kichwani. Wengi wanaojikata hawataki kufa, wanatafuta nafuu ya uchungu wasioweza kuusema, lakini hatari yao ni kubwa kuliko ya wenzao. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata akienda chooni, mpaka akabidhiwe mtu mzima atakayemfikisha kwa mhudumu wa afya.

Usimtishie kwa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Usiahidi siri. Mweleze utamwambia nani na kwa nini. Kabla ya kumpigia mzazi, muulize kuna nini nyumbani. Familia nyingi hapa huishi chumba kimoja, na huenda anayemtesa analala humohumo. Ikiwa hivyo, nenda kwa afisa wa watoto au piga 116, simu ya bure ya watoto, mchana na usiku.

Usimlazimishe kuapa kwamba ataacha. Akirudia ataficha, na utakuwa umempoteza.

Usijitetee kwamba shule haina mwanasaikolojia. Mradi wa Shamiri, wa afya ya akili ya vijana, ulijaribiwa katika shule ya Kibera ukiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi, na dalili za sonona na wasiwasi kwa wanafunzi zilipungua. Haukulenga kujikata, lakini unaonyesha mtu wa kawaida aliyefunzwa anaweza mengi.

Kesho yake msalimie. Wiki ijayo muulize tena. Na kabla shule hazijafungwa Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka, mpe majina ya watu wazima wawili atakaowafikia, na wao wawe wamekubali.