Motere ya kamioneti ikifunguliwa, tuangalie sheni



Kuanzia Aprili mahindi yako tayari, na kamioneti itatembea kila siku kati ya mashamba, Shituru na Lubumbashi. Ndiyo sababu motere nyingi zinafunguliwa garaje sasa. Tunauliza juu ya pistoni na segema, lakini sheni ya ndani tunaisahau, juu iko imefichwa nyuma ya kifuniko cha mbele.

Kazi ya sheni ni kuunganisha ekse ya chini, inayozungushwa na pistoni, na ekse ya juu, inayofungua supape. Ikilegea, nguvu inapungua. Ikiruka meno, supape inaweza kugonga pistoni, na feza yote ya matengenezo inapotea. Tuchukue mufano wa Hilux ya zamani yenye motere ya esansi 22R.

Mbele ya kufungua

1. Sikiliza asubuhi, motere ikiwa baridi. Sheni iliyolegea inapiga kelele mbele, kama mnyororo wa kinga unaogonga bati. Kelele ikinyamaza kiisha sekunde chache, usifurahi mbio: kikazio kinasukumwa na presha ya mafuta, kwa hiyo kinaficha ubaya.

2. Mwaga mafuta ya motere, uyachuje kwa kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki vinaonyesha kwamba viongozi vya sheni vimevunjika. Mafuta yenye rangi ya kahawa na maziwa yameingiliwa na maji. Wengi wanalaumu juwe ya kulase tu, lakini katika 22R sheni inaweza kusaga kifuniko cha mbele mpaka kutoboa njia ya maji.

3. Toa waya ya batri na kofia ya distribitere. Zungusha puli ya chini kwa ufunguo, upande wa saa, kisha irudishe pole pole. Mwenzako aangalie roto. Puli ikitembea zaidi ya digri 10 na roto bado imesimama, kuna ulegevu.

Kiisha kufungua

Tundika sheni ya zamani na mupya kwenye musumari mumoja. Ya zamani ikiwa ndefu kuliko mupya, imechakaa. Usibadilishe sheni peke yake: pinyo zote mbili, kikazio na viongozi vibadilishwe pamoja, juu meno yaliyokwisha yanakula sheni mupya haraka.

Alama zikikwisha kupangwa, zungusha motere kwa mkono mizunguko 2 kamili mbele ya kugusa kontakti. Ikikwama, simama, usilazimishe.

Kamati imutume mutu mumoja akuwe pale siku ya kufunga, na mekanisiye amuonyeshe piese zote za zamani. Halafu tubadilishe mafuta kwa wakati wake: vumbi letu likiingia ndani ya mafuta, linasaga sheni kila siku.