Mguu kifundo: mfunga hogo naye hujifunza

Mtoto akizaliwa unyayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu, wazazi huambiwa mengi. Wengine huambiwa ni laana. Si kweli. Huo ni mguu kifundo, nao huwapata mtoto mmoja au wawili hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wavulana kuliko wasichana. Lakini somo letu la leo linamhusu zaidi yule anayeutibu.

Zamani unyayo ulivutwa kwa nguvu na kufungwa plasta, yaani hogo. Ikishindikana, mtoto alipasuliwa. Wengi waliopasuliwa walikua na miguu mikakamavu yenye maumivu. Huko Iowa, Marekani, daktari Ignacio Ponseti alitumia njia ya upole. Unyayo hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, na kila wiki hufungwa hogo jipya kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Mahogo matano au sita aghalabu hutosha. Kisha watoto wengi hukatwa ukano wa nyuma ya kisigino kwa ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu.

Ponseti alitangaza matokeo yake mwaka 1963. Wenzake wengi hawakumjali. Mwaka 1995 ikatoka taarifa ya wagonjwa wake waliokwisha kuwa watu wazima: 78 katika kila 100 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida hesabu ilikuwa 85. Tofauti ni ndogo! Baadaye nchini Uganda wasaidizi wa tiba ya mifupa, si madaktari bingwa tu, walifundishwa njia hiyo, nao wakaiweza.

Kwa nini ilichelewa kukubaliwa? Mtu aliyefunga hogo miaka mingi na kushukuriwa, si rahisi aambiwe kwamba kidole gumba chake kimekuwa kikibonyeza mahali pasipo. Na kosa lenyewe ni la upana wa kidole tu. Gumba likibonyeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, badala ya mfupa ulio mbele kidogo ya kifundo, kisigino hakigeuki.

Mimi pia nimekosa. Mwaka wangu wa kwanza katika zahanati nilimwambia mama mmoja amrudishe mwanawe akitimiza mwaka. Ndivyo nilivyosikia kwa walionitangulia. Sikusoma wala sikuuliza. Alirudi mtoto akikanyagia ubavu wa mguu. Nilimpeleka kwa mzee mmoja, mtaalamu wa viungo, naye alifunga mahogo tisa kabla mguu haujatii.

Mzee huyo alikiri kwangu kwamba aliporudi kutoka mafunzoni alifuata njia mpya shingo upande. Kilichombadili ni daftari. Kila wiki hukagua dalili sita za mguu, na kila dalili huipa 0, nusu, au 1. Mguu mbaya kabisa hupata 6. Hesabu ikishuka, mkono wake uko sawa. Isiposhuka wiki mbili, hamlaumu mtoto wala mama. Humwita mwenzake amtazame anavyoshika.

Kwa hiyo, mzazi, mlete mtoto katika wiki za mwanzo tangu azaliwe. Uliza: "Wiki iliyopita alikuwa na alama ngapi, na leo ngapi?" Huo si ujeuri. Asiyeandika, muulize anajuaje kwamba mguu unapona.

Hogo likiisha kuna viatu vilivyounganishwa kwa fito. Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi miaka minne au mitano. Miguu mingi inayorudia kupinda ni ile iliyovuliwa viatu mapema, na hapo sisi watumishi tuna lawama, maana hatuwaelezi akina mama vya kutosha.

Mtoto akiwa ndani ya hogo, tazama vidole asubuhi na jioni. Vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, usingoje siku ya kliniki. Mrudishe siku hiyo hiyo hogo lifunguliwe.