Mizizi ni Kinywa cha Mmea

Ndugu wakulima, mtu anakula kwa kinywa. Mahindi yanakula kwa nini? Yanakula kwa mizizi. Lakini si kila sehemu ya mzizi inayokula sawasawa. Tujue ile inayokula, tusiikate kwa jembe.

1. Tazama kwa macho yako. Funga mbegu tano za mahindi katika kitambaa chenye maji, ukiweke nyumbani siku nne, kisha ufungue. Karibu na ncha ya mzizi utaona nywele nyeupe, nyembamba sana. Hizo ndizo zinazokunywa maji na chumvi za udongo. Haziishi siku nyingi. Nyingine zinaota mbele, kwa kuwa ncha inaendelea kukua. Mizizi minene inashika mmea na kupeleka chakula juu.

2. Chakula kiko wapi? Azoti inakwenda pamoja na maji mpaka inafika kwenye mzizi. Fosfori haitembei hivyo. Sharti mzizi uifuate. Kwa hiyo mmea wenye mizizi michache unaona njaa hata katika udongo mzuri. Nayo mizizi mingi ya mahindi haiko chini sana: iko katika sentimetre 30 za juu, tena inaenea mpaka katikati ya mistari.

3. Kosa langu. Mwaka wa kwanza wa kazi nilipalia shamba langu mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Nilipiga jembe kwa nguvu, karibu na mashina. Watu walisema: «Monitere anajua kazi.» Jua lilipowaka majani yalijikunja, na masuke yakawa madogo. Mama mmoja jirani alipalia mapema, juu juu tu, naye alijaza ghala. Nilipochimba shina moja niliona mizizi imekatwa pande zote. Mimi mwenyewe niliyafunga mahindi yangu kinywa.

4. Mambo ya kushika. Palilia mapema, mahindi kabla hayajafika magotini. Baadaye kwangua udongo juu tu, au ng'oa majani mabaya kwa mkono. Ukivuna maharagi, kata shina, uache mizizi ioze shambani: vinundu vyake vina azoti iliyotoka katika hewa.

Maulizo
Nywele za mzizi zina kazi gani?
Kwa nini fosfori inataka mizizi mingi?
Katika shamba lako, jembe linaingia kadiri gani?