Kuacha Jiko kwa Heshima

Watazamaji wengi wamebishana juu ya The Bear, mchezo wa televisheni wa Marekani ulioanza mwaka 2022. Humo Carmy, mpishi hodari, arudi Chicago kurithi duka la sandwichi la kaka yake aliyejiua, na baadaye aligeuza kuwa mkahawa wa fahari. Mwishoni mwa msimu wa 4, uliotoka mwaka 2025, aamua kuliacha jiko. Je, ni busara au ni kutoroka?

Sisi twaona kosa si kuondoka. Kazi aliyojificha ndani yake asipate kuomboleza haikumponya. Kosa ni kwamba Sydney, mshirika wake, aliupata uamuzi huo katika hati ya ubia kabla ya kuusikia kinywani mwake.

Hapa kwetu Morogoro, mwenye mgahawa pale Msamvu ana wapishi wanaomtegemea, na wakulima wa Uluguru wanaomwuzia ndizi na mboga. Akitaka kupumzika, yafaa awaite mapema, awaambie kweli, ataje madeni, amfundishe mrithi. Amfichaye mwenzake humwachia mzigo. Amwambiaye kweli humwachia kazi.